Mama Mkwe Katika Fomu ya Neti

Fomu zilikuwa na mafuta ya nguruwe. Hadi leo nikiukumbuka utafiti ule, harufu hiyo huja kwanza, halafu sura za watu baadaye.

Nilikuwa nimeajiriwa kwa mkataba katika ofisi moja pale Amagoro. Mwanzoni nilizunguka vijijini na wenzangu kuhesabu nyumba, kisha nikawekwa mezani kuingiza majibu ya fomu kwenye kompyuta. Utafiti wenyewe ulihusu neti za mbu: nani analala wapi, analala chini ya neti au hana, na neti yenyewe ina matundu au ni nzima. Fedha zilitoka serikalini, yaani zilitoka kwangu na kwako na kwa mama anayeuza omena sokoni Nambale. Kijiji ambacho fomu zingeonyesha kina upungufu kingeletewa neti. Ambacho kingeonekana kimetosheka kingerukwa.

Msimamizi wetu tulimwita Daktari. Hakuwa daktari wa watu wala wa ng'ombe, na shahada aliyokuwa akiisomea ilikuwa haiishi tangu nimjue, lakini ukimwita hivyo aliitika vizuri sana.

Siku moja mchana nilitumwa Malaba kuchukua fomu alizokuwa nazo. Kwa ratiba, yeye na wasaidizi wake wawili walipaswa kuwa vijijini upande wa Amukura kwa wiki nzima, na gari lilikuwa limeshajaziwa mafuta ya kwenda huko. Niliwakuta nyuma ya gesti moja karibu na foleni ya malori ya mpakani, sahani ya nguruwe katikati ya meza, fomu zimezunguka sahani. Daktari alikuwa anasoma majina kutoka kwenye orodha ya kijiji. Msaidizi mmoja alikuwa anajaza majibu, akibadilisha kalamu kila baada ya fomu chache, ya buluu, ya nyeusi, ili ionekane ni siku tofauti. Wa pili nilimwona amechuchumaa uani, anazisugua fomu zilizokwisha kwenye mchanga, taratibu, upande huu na upande ule, kama mtu anayesugua sufuria. Alikuwa anazipaka vumbi la kijiji ambacho hawakukanyaga.

Nilisimama pale nikiwatazama.

"Karibu nyama, dada," Daktari aliniambia, bila hata kuona haya. "Mbona unasimama kama polisi?"

"Na watu wa Amukura?"

"Watu wa Amukura wako sawa. Wanalala, wanaamka. Hizi ni data tu, dada. Hakuna mtu amekufa."

Nilichukua fomu nikarudi Amagoro. Nakiri kwamba siku hiyo sikufanya lolote. Nilikuwa na kodi ya nyumba na mkataba wa kufanywa upya mwezi uliofuata, kwa hiyo niliketi nikaanza kuingiza uongo wao kwenye kompyuta, mstari kwa mstari, huku nikifuta vidole kwa karatasi ya chooni. Nilijichukia, lakini nilichapa.

Kisha nikafika kwenye fomu ya mama mmoja niliyemjua. Nilikuwa nimefika kwake wakati wa kuhesabu nyumba. Ni mjane, mama wa Kiteso wa makamo, aliyelala na wajukuu wawili kwenye nyumba ya jikoni kwa sababu paa la nyumba kubwa lilikuwa linavuja. Neti hakuwa nayo hata moja. Siku ile alinipa kigoda, akanipa uji, akaniambia mjukuu mdogo hamalizi mwezi bila malaria. Binti yake ameolewa kijiji hicho hicho, ng'ambo ya kijito, na ndiye aliyemletea maji na unga.

Fomu ilisema mama huyo anaishi katika nyumba ya mkwe wake. Anapolala: chumbani. Pamoja na: binti na mume wa binti. Neti: moja kubwa, nzima, haina matundu.

Kwa asiyelelewa huku huenda hilo ni kosa dogo la karani. Kwetu Nambale, na kwa Wateso wa Amukura vilevile, mama mkwe na mume wa binti yake hawalali paa moja. Hawali pamoja. Nimewaona akina mama wakiacha njia na kuingia kwenye mihogo ya watu kwa sababu mkwe anakuja upande ule. Sasa mtu ameketi Malaba, kidole kina mafuta, amemlaza mama wa watu kitanda kimoja na mkwe wake! Nilijua ilivyotokea. Mzee wa kijiji alipoandika orodha, palikuwa na akina mama wawili wa jina moja, akamtofautisha mmoja kwa kuandika kando, "mama mkwe wa fulani". Daktari, mgeni wa huku, akaona hayo maneno akaona amepata familia.

Ndipo nilipoandika barua kwa ofisi iliyotoa fedha. Nilieleza kila kitu, gesti, kalamu na mchanga. Na ili waniamini, niliambatanisha nakala ya fomu ya yule mama, jina lake kamili likiwa juu, nikaandika chini yake: hili haliwezekani, mwulizeni mtu yeyote wa Amukura.

Daktari alipopata habari alinifungia mlango wa ofisi tukabaki wawili.

"Mbuzi anakula kwa urefu wa kamba yake," alisema. "Wewe kamba yako ni fupi, unakasirika juu ya yangu. Sema ukweli, ni wivu."

"Nyumba ile haina neti hata moja," nilimwambia. "Umewaandikia wanayo."

"Si watanunua?" alijibu, akacheka. Kicheko hicho nilikwenda nacho nyumbani.

Mkataba wangu haukufanywa upya. Wachunguzi walikuja baada ya wiki kadhaa, watu watatu kutoka Nairobi, wamevaa viatu safi. Niliwasimulia asubuhi nzima. Waliandika, wakatikisa vichwa, wakasema nimefanya jambo la kizalendo. Nilifurahi, kusema kweli. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu.

Siku iliyofuata waliitisha baraza kwenye uwanja wa shule kule Amukura ili kuthibitisha. Nilikwenda pia, nikasimama nyuma. Kijiji kizima kilikuwepo, wanawake upande mmoja, wanaume upande wa pili. Mkubwa wa wachunguzi alitoa karatasi kwenye bahasha na nikaitambua nakala yangu. Akaita jina la mama. Mama akasimama, akashika leso yake vizuri begani, kama mtu anayeitwa kupewa kitu.

"Mama, hapa imeandikwa unalala chumba kimoja na huyu," akasoma na jina la mkwe, kwa kipaza sauti, "chini ya neti moja. Ni kweli ama si kweli?"

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Mama aliinamisha kichwa, na yule mchunguzi akadhani hajasikia, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Upande wa wanaume mkwe aliinuka, akapita katikati ya watu bila kumtazama yeyote, akaondoka. Mama alijifunika uso kwa leso.

"Tuandike si kweli?" mchunguzi aliuliza, kalamu mkononi.

Fomu zote zilitupwa. Vijiji vilihesabiwa upya, na hesabu ilipokuwa ya kweli neti zilikuja. Hata Daktari alipata chake: aliondolewa kwetu akapelekwa mradi mwingine, wa maji, na gari lake ni jipya kuliko lile la kwanza. Nikilipita barabarani natema mate, na sijali nani ananiona.

Siku ya kugawa neti nilikwenda. Jina la mama liliitwa mara tatu, hakutokea. Nilimwomba mzee wa kijiji neti ya nyumba ile, nikampelekea mwenyewe.

Nilimkuta uani, lakini hakuniambia karibu. Kigoda kilikuwa pale ukutani na alikiacha pale. Mjukuu mdogo alikuwa amekaa mlangoni, mikono yote ina vipele vya mbu. Binti, niliambiwa baadaye, hakuwa amevuka kijito tangu siku ya baraza. Mume wake alimkataza kuvuka mpaka wazee wakae wasafishe jambo hilo, na wazee walikuwa hawajakaa, maana wengine waliuliza kama moshi hutoka bila moto.

"Mama, nimeleta neti," nilisema. "Wale watu waliandika uongo, na mimi ndiye nilisema."

"Najua ni wewe," alinijibu. "Wewe ulikuja hapa. Ulikunywa uji. Ulikuwa unajua mimi si mtu wa hivyo."

"Ndiyo maana niliandika, mama."

"Ulipeleka jina yangu Nairobi. Mbona hukukuja kuniuliza kwanza?"

Kutoka Amagoro hadi kwake kwa boda boda ni safari ya asubuhi moja tu. Ningeweza kwenda siku yoyote kabla ya kuiandika barua ile. Sikwenda. Daktari naye hakwenda.

"Rudi na hiyo kitu," mama alisema, akamshika mjukuu mkono, akaingia naye ndani.