Miche Elfu Mbili Ndani ya Viriba

Wenzake walimwita Bi Mbolea, na jina halikumuudhi. Alilipata kwa sababu aliweza kuinama juu ya lundo la samadi, akanusa mara moja, akajua kama limeiva. Kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa mfanyakazi wa kitalu katika idara ya bustani na burudani ya jiji. Miaka tisa ya mwisho alikuwa kaimu msimamizi: funguo za stoo anazo, lawama za stoo anazo, barua ya cheo hana.

Kila msimu na kazi yake. Mvua zikianza, miti ya vivuli ilitoka kitaluni kwenda kando ya barabara. Jua likikaza, idara ilifungua bwawa la watoto na kuchora viwanja vya mpira kwa chokaa. Kilele kilikuwa likizo ndefu ya shule, michezo ya jiji inapozinduliwa katika bustani kuu. Siku hiyo maua yalitakiwa yawe yamechanua, si jana wala kesho.

Mwaka huu, siku nne kabla ya uzinduzi, mkuu wa idara alikuja kitaluni na viatu vinavyong'aa.

"Maua haya yapambe bustani kuu Jumamosi. Jumanne nayataka bustani ya mahakama. Mgeni rasmi wa uzinduzi atapita huko pia."

"Mkuu, mzizi ukishashika, ukiung'oa umeua."

"Basi msitoe viriba. Fukieni hivyohivyo na plastiki yake. Jumatatu tunachomoa, tunahamisha. Nani ataona?"

Refu, mwagiliaji, aliyekuwa akivuta mpira wa maji, akaangua kicheko. "Hayo si maua tena, mkuu. Ni viti vya kukodi."

Mkuu hakucheka. Alimvuta Bi Mbolea pembeni. "Barua yako iko mezani kwangu. Jumamosi ikipita salama, naitia sahihi. Tusiangushane, dada."

Bi Mbolea alikuwa amewahi kuwafukuza vibarua wawili kwa kosa hilohilo. Mche uliofukiwa na kiriba, alikuwa akiwaambia, ni maiti iliyochelewa kunuka. Jioni alimsimulia binti yake.

"Kakuandikia?" binti akauliza.

"Kasema."

"Kusema si kuandika, mama."

"Mwanangu, miaka tisa nimekula maneno yao. Tonge la mwisho halinishindi."

Wakafukia miche elfu mbili. Aliifunika midomo ya viriba kwa udongo kwa mkono wake mwenyewe, kwa ustadi wote aliokuwa nao. Jumamosi bustani ilimeremeta, watoto wakakimbia mbio za magunia, mgeni akapiga picha katikati ya maua ya njano.

Jumatatu gari la kuhamisha halikuja. Mgeni alikuwa ameahirisha ziara ya mahakama, na mkuu alikuwa safarini. Bi Mbolea alimpigia simu akiomba ruhusa ya kuitoa miche ili aivue plastiki na kuipanda upya.

"Acha kwanza. Nitakujibu."

Jibu halikuja. Alingoja. Kugusa maua ya bustani kuu bila ruhusa kungeweza kumgharimu ile barua, na barua ilikuwa mezani. Wiki ya tatu majani yakageuka kahawia. Madiwani wakaja kukagua, mkuu akiwa nao. Mmoja akashika shina, akavuta, likatoka zima na mfuko wake mweusi, mizizi imejizungusha ndani kama uzi kwenye kibao.

"Kaimu!" Mkuu alishika kiuno. "Umefukia na viriba? Mtu wa miaka ishirini na mmoja kazini?"

"Uliniagiza wewe, mkuu."

"Kwa maandishi?"

"Refu alikuwepo."

Wote wakamgeukia Refu. Refu akautazama mpira wake wa maji. "Mimi nilikuwa namwagilia," alisema. "Maji yana kelele."

Barua zilikuja mbili, zote zimetiwa sahihi. Ya kwanza ilimteua kijana mwenye stashahada kuwa msimamizi wa kitalu. Ya pili ilimhamishia Bi Mbolea bwawani, kusafisha vyumba vya kubadilishia nguo.

Mwezi wa pili huko, akiwa amepiga magoti kwenye vigae, simu iliita. Ilikuwa sauti ya msimamizi mpya, ya upole.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa usumbufu. Hii miti ya vivuli, naitoa kivulini lini kabla ya kuipeleka barabarani?"

Angesema "leo hii," na jua lingemaliza kitalu chote kufikia Ijumaa. Neno lilimfika ulimini. Alilishika hapo kidogo, akaonja utamu wake.

"Marahaba. Siku kumi kabla," alisema. "Itoe asubuhi tu kwanza. Na maji upunguze kidogokidogo, usiyakate ghafla."

"Asante sana, mama. Wewe ni hazina ya idara."

Alikata simu akiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe, kwa kuwa alijibu sawasawa. Kisha akalikamua tambara, akasogeza ndoo, akaendelea na kigae kilichofuata.