Marekebisho Arobaini

Tangu nimalize chuo Rongo sijapata kazi, kwa hivyo ile ya kompyuta Homa Bay, kwa mama mwenye kampuni ya samaki, niliitaka kabisa. Alitaka sisi waombaji tumwonyeshe kazi tulizowahi kufanya. Nikajiunga na watu wanaotengeneza programu ya bure mtandaoni, ambayo yeyote anaweza kuirekebisha. Kila rekebisho linadai maelezo mafupi, yanayobaki hapo mtandaoni. Nani husoma hayo?

Kwenye intavyu nikajipiga kifua. "Madam, nimefanya marekebisho arobaini. Nimehesabu mara mbili."

"Hata mimi nimehesabu, nyathina, mwanangu," akasema, akageuza skrini wenzake waone, akasoma maelezo yangu kwa sauti: "'Nimeweka rangi ya kijani.' 'Nimerudisha bluu.' 'Nimeweka kijani tena, idadi ipande. Huyu mama wa samaki atajulia wapi?'"