Pa Kumweka Chale

Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari huku Suna, Migori, na kazi hiyo imenipa dharau ambayo sijaona sababu ya kuiacha. Wazazi wakija shuleni husimama mlangoni mwa chumba cha walimu na kuuliza, "Mwalimu iko?" Huwajibu, "Meza ndiyo iko. Mwalimu yuko." Hawacheki. Kaka yangu wa Homa Bay, mwenye digrii na gari, husema "watoto iko shule" bila kuona haya. Nimewasahihisha watu wa ziwa hili tangu nilipohitimu, na ngeli zinazidi kufa mikononi mwao.

Kwa hiyo nilipoamua kuchorwa mwilini, sikusema "tatuu" kama wanafunzi wangu. Nilisema chale, neno safi, lililokuwepo kabla ya mashine zao. Nilitaka omena mmoja tu, yule dagaa wa ziwa letu, urefu wa kidole, kwa sababu mama alinisomesha kwa kuanika omena kule kisiwani Mfangano. Nimepita arobaini, sijaolewa, na mwili huu ulikuwa umeshatiwa alama na kila mtu isipokuwa mimi. Kuna ya chanjo begani. Kuna kovu la upasuaji tumboni. Kuna mikato ya dawa kifuani, ambayo shangazi aliiagiza nikiwa mtoto, nikashikwa mikono na miguu. Safari hii mahali nilitaka kupachagua mwenyewe. Sikuwa nikiomba kingine.

Nilimtajia wifi kwa simu, kwa kuwa alikuwa amepiga na ilibidi tuzungumze kitu. Wifi ni Mkuria na sisi ni Wajaluo, kwa hiyo mimi naye ni Kiswahili tu.

"Nataka kuchorwa chale," nikamwambia, "ila bado sijui niiweke wapi, mkononi au begani."

Nilisema niiweke. Mwenye masikio angejua nazungumzia kitu. Lakini kwa wifi ngeli ni kelele, na huku kwetu Chale ndivyo anavyoitwa kila mwanamume aliyebatizwa Charles. Alichosikia ni kwamba nimepata mtu, na kwamba najitia jina lake mwilini.

"Weh, madam," akasema. "Hongera sana."

Nilidhani ana heshima. Nikamshukuru.

Kabla ya wiki kuisha kaka akapiga. Mimi naye huzungumza Kijaluo, lakini neno lile alilitamka vilevile. "Nimesikia habari ya chale. Njoo Jumapili tuongee. Mama atavuka." Nikajua naitwa kukemewa. Kutoka Migori hadi Rongo nilitunga hotuba, na kutoka Rongo hadi Homa Bay nikaitia makali.

Nilikuta kuku wamechinjwa. Mezani kulikuwa na kitambaa kipya, na karibu na kaka kiti kitupu, mbele yake kisahani chenye firigisi. Kwetu firigisi hailiwi na mwanamke. Huwekewa mwanamume wa kuheshimiwa. Waya, yaani shangazi yetu wa upande wa baba, yuleyule wa mikato ya dawa, alikuwa na nguo yake ya kanisani. Mama alikaa kwenye kona akitabasamu kama msichana. Nilishangaa. Sikuwahi kuona watu wakijipamba hivyo ili kumgombeza mtu.

"Mkononi," waya akasema kabla sijaketi. "Hapo pa kuonekana na watu. Mwanamume akiliona jina lake kila siku hatangatangi."

Sikumwelewa, lakini hotuba yangu ilitungwa kujibu hoja ya mchungaji wa kanisa letu, na sikutaka iharibike. "Na mchungaji atasema nini?"

"Atasema nini na hayo ni mapenzi?" waya akajibu.

Kaka akatazama mlangoni. "Mbona amechelewa? Ni mtu wa wapi?"

"Nani?"

"Chale."

Nikawaeleza. Niliwaeleza taratibu, kama ninavyowaeleza kidato cha kwanza, kwamba chale si mtu. Ni mchoro. Ni samaki, na ni wangu. Wifi akakimbilia jikoni. Waya hakuhitaji hata kumeza mate ili abadili msimamo.

"Basi weka pajani," akasema. "Au mgongoni, chini ya nguo. Mwalimu mzima, mkono umechorwa kama wa makanga wa matatu?"

Mkono ulikuwa uleule. Haukuwa umesogea. Dakika iliyopita ulifaa kuandikwa jina la mwanamume ambaye hata hawakujua kama ni mlevi, na sasa haukufaa kuonwa na mchungaji. Wahenga walisema penye wazee hapaharibiki neno. Wahenga hawakuwahi kualikwa kwa kaka yangu.

"Wewe unatafuta pa kuweka samaki," kaka akasema, "na sisi tunafikiria pa kukuweka wewe."

Alimaanisha kaburi. Kwetu binti akifa bila kuolewa hazikwi ndani ya boma. Anachimbiwa nje ya ua, upande wa vichaka. Kaka aliyasema hayo akiivuta firigisi ya mgeni kwake, akaitafuna. Niliwadharau wote pale mezani, na bado nawadharau.

Mama tu ndiye aliyenishinda. Tabasamu lilimpotea, akaanza kukusanya sahani ambazo watu hawakuwa wamezimaliza. Ua ule unamtisha yeye kuliko unavyonitisha mimi. Kwa siku chache alikuwa ameniona nimezikwa ndani ya boma la mume, na mimi nikamtoa kwenye ndoto hiyo kwa somo la sarufi. Hilo liliniuma.

Mchoraji wa Migori ana kiti nyuma ya duka la kinyozi. "Madam," akaniambia, "wamama wengi wanaweka mahali ya siri."

"Pa siri," nikamwambia. "Mahali pa siri. Mimi niwekee hapa." Nikampa mkono wa kulia, chini ya kiwiko, ule ninaouinua ubaoni.

Likizo ilipofika nikavuka kwenda Mfangano. Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua omena. Alinishika mkono, akamwangalia yule samaki, akampitishia kidole chenye magamba.

"Ni omena kweli," akasema. Kisha, bila kuniangalia: "Watu wa hapa nilishawaambia habari za Chale. Nimesema anafanya kazi mbali. Usinivue nguo mbele yao."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia kuhusu watu wanaohitaji mwanamume asiyekuwepo ili wamheshimu mwanamke aliyepo. Yalikuwa maneno mazuri. Sijui kama nilikuwa nimefungua mdomo, maana jirani wa mama, ambaye huanika omena pamoja naye, alikuwa keshaingia uani. Jirani huyu hunisemesha Kiswahili tu, kama vile mimi ni afisa wa serikali.

"Karibu nyumbani, mwalimu," akasema. "Chale iko?"

Mikono ya mama ikasimama juu ya ungo.

Nimewasahihisha mapadri. Nimemsahihisha afisa wa elimu mbele ya wazazi. Lakini chale imo katika ngeli ya I-ZI, na jirani huyu, pasipo kujua, alikuwa amepatanisha sawasawa. Niliuacha mkono wangu ulipokuwa, wazi, juu ya goti.

"Iko," nikamwambia. "Iko salama."

Mama akarudi kwenye omena wake.