Kwangua Kwanza, Paka Baadaye: Miaka 22 ya Tabita Gware na Matrela ya Lae

Saa moja kasoro robo asubuhi. Mvua inanyesha Lae, mji wa bandari wa Papua New Guinea, kama ilivyonyesha jana, juzi na wiki nzima iliyopita. Nyuma ya kichwa cha lori jeupe kilichotenganishwa na trela yake, Tabita Gware amepiga magoti juu ya chasisi, gunia limekunjwa chini ya goti lake la kulia. Anakwangua.

Anachokwangua ni sahani nzito ya chuma inayokaliwa na trela, ile yenye mdomo kama kwato ya farasi. Ndani ya mdomo huo pini ya trela huingia ikabanwa na taya. Grisi ya zamani inatoka vipande vipande, nyeusi tititi, imeshikamana na mchanga wa barabara ya milimani. Anaitupa kwenye kopo la biskuti, anafuta kwa tambara lenye dizeli, kisha anasogeza uso karibu kabisa na chuma, kama anayesoma maandishi madogo.

“Grisi ni kama nguo,” anasema bila kuinua kichwa. “Mtu akivaa vizuri utajuaje ana kidonda wapi? Mvue kwanza.”

Tabita ana miaka 54, ni mzaliwa wa Finschhafen, huko pwani. Katika yadi hii yenye malori kumi na tisa, yanayopandisha mchele, saruji na bia hadi miji ya milimani, Goroka na Mount Hagen, na kurudi na kahawa, kazi yake ni moja: kusafisha, kukagua na kupaka grisi mahali kichwa na trela vinaposhikana. Kila lori linamchukua dakika arobaini. Wengine, anasema, humaliza kwa kumi.

Kwa malori nane hadi kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, analipwa fedha za huko, kina 510, kila baada ya majuma mawili. Bega la kulia halipandi tena juu ya sikio. Weusi wa vidole hautoki kwa sabuni wala kwa ndimu, na Jumapili kanisani hushika kitabu cha nyimbo kwa leso asikichafue.

“Usiandike kwamba naipenda kazi hii,” anamwonya mwandishi. “Watu wa magazeti mnapenda hayo. Andika nimechoka.”

Hakuja hapa kuwa fundi. Aliajiriwa kuchemsha chai na kufagia ofisi. Mwaka wa tatu mwanamume aliyekuwa akipaka grisi aliugua malaria, malori matano yakawa yamepanga foleni getini, na msimamizi wa wakati huo akamkabidhi bomba la grisi huku akicheka. “Mama, si umezoea kupaka siagi mkate? Basi ndiyo hiyo hiyo.” Yule mwanamume alipopona alikuta nafasi yake imekwenda.

Kwa miaka mingi Tabita alifanya kama alivyoelekezwa: kutafuta vitundu vya grisi, kupiga bomba mpaka grisi mpya itokeze, kupaka tabaka nene juu ya sahani, basi. Grisi mpya juu ya ya zamani. Hakuna aliyemwambia akwangue.

Halafu ikaja siku anayoitaja kwa sauti ya chini hata sasa, miaka tisa baadaye.

Lori alilolihudumia jana yake lilikuwa likipita bonde la Markham, likiwa na shehena ya saruji. Lilipoingia kwenye shimo karibu na daraja, taya ziliachia. Trela ilichomoka, mabomba ya hewa yakakatika, breki zake zikajifunga zenyewe, nayo ikainamisha pua na kulima lami hadi kwenye vibanda vya karanga kando ya barabara. Dereva alitoka mzima. Mchuuzi mmoja, Kezia Ampan, alipoteza mguu wa kushoto kuanzia chini ya goti.

Mafundi walipoosha sahani ile walikuta taya moja imelika na kupasuka. Ufa ulikuwa wa zamani, umeingia kutu ndani. Ulikuwa umelala chini ya grisi, pengine kwa miezi.

“Grisi yangu,” anasema Tabita. “Mikono hii.”

Kampuni ilipeleka fidia kwa jamaa wa Kezia: nguruwe, mchele na fedha. Wazee wa pande mbili walisemezana, wakashikana mikono. Hakuna aliyemtaja Tabita, wala aliyemuuliza. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya ukaguzi, lakini karatasi ile ilibaki kwenye jalada.

“Ningekaa kimya ingeishia hapo. Nilikaa kimya miezi minne. Chakula kikawa hakipiti.”

Siku moja ya Jumamosi alipanda gari hadi Markham na kumuulizia Kezia. Alimkuta ameketi mkekani nje ya nyumba ya dada yake, anatafuna popoo kwa chokaa na kuchambua karanga. Tabita alisimama mbele yake, akaeleza yeye ni nani, kisha akaanza kulia.

Kezia, ambaye leo amerudi kwenye kibanda chake na anatembea kwa mguu wa bandia, anaikumbuka siku hiyo vizuri.

“Nilimwangalia, nikasema moyoni, huyu kaja kutaka nimbembeleze. Mimi ndiye sina mguu, halafu nimbembeleze yeye!” Anacheka mpaka meno yake, mekundu kwa popoo, yanaonekana yote. “Nikamwambia, ‘Dada, usinililie hapa, unanilowanishia karanga. Kama una machozi, kayamwage kwenye vyuma vyako huko.’”

Kisha akamuuliza swali ambalo Tabita anasema hakuna bosi aliyewahi kumuuliza: “Hivi, huo ufa ungeweza kuuona?”

“Ningeweza. Ningekwangua, ningeuona.”

“Basi sasa si umeshajua? Kaa hapa unisaidie kuchambua, mchana haujaisha.”

Tabita alichambua karanga hadi jioni. Jumatatu yake alikata jani moja la springi kuukuu, akalinoa kwenye jiwe la karakana, likawa kikwangulio. Tangu siku hiyo hakuna sahani aliyoipaka grisi kabla ya kuifikisha kwenye chuma kitupu.

Hukwangua, huosha kwa dizeli, hupapasa taya kwa kucha. Hugonga kila bolti kwa nyundo ndogo na kusikiliza: bolti iliyokaza hulia, iliyolegea huguna. Ndipo hupaka. Trela ikirudishwa, huingia chini na tochi kuhakikisha taya zimefunga nyuma ya pini, kisha humwamuru dereva alivute lori kidogo huku breki za trela zimebana.

Madereva walimchoka. Wakamwita Mama Kucha. Msimamizi wa sasa, Lohia Vagi, alimwita ofisini mara mbili kuhusu foleni.

“Namheshimu,” anasema Lohia. “Lakini mteja wa Goroka hataki kusikia habari za kucha. Anataka mchele wake.”

Mvutano huo ulifika ukingoni Machi mwaka huu. Siune Kaupa, dereva kutoka Simbu, huko milimani, mwenye maneno mengi kuliko magurudumu ya lori lake, alifika saa tatu asubuhi na shehena ya mchele. Alitaka kuipita milima ya Kassam kabla ukungu haujashuka.

“Mama Kucha, nipigie bomba mbili tatu niondoke,” alisema akiwa bado kwenye kiti, mlango wazi.

“Shuka. Achanisha trela.”

“Niachanishe tena? Nimeunganisha sasa hivi! Nyie watu wa pwani mnadhani kila kitu kinangoja kama samaki wenu.”

“Na nyie watu wa milimani mna haraka ya kufika wapi? Mlima hauhami. Shuka.”

Siune alishuka akilalamika kwa lugha yake. Tabita alikwangua robo saa. Karibu na sehemu sahani inapofungwa kwenye chasisi, ukucha wake ulikwama. Aliosha tena, akapapasa tena. Kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, urefu wake kama kiganja. Akaenda kwenye kabini, akafunga kitambaa chekundu kwenye usukani, alama ya kwamba lori halitoki.

Lohia alipoona kitambaa kile alitoka ofisini bila mwavuli.

“Mama Tabita, huo ni mkwaruzo wa kikwangulio chako.”

“Mkwaruzo haumezi ukucha, bosi.”

“Sahani nyingine hatuna. Mpaka iagizwe Port Moresby, siku nne hizo. Paka grisi, liende safari hii moja, likirudi tutalishughulikia.”

“Pakeni nyinyi,” alijibu, akaweka bomba la grisi chini miguuni pa msimamizi. “Jina langu lisiwe kwenye karatasi. Lile la Markham linanitosha.”

Tabita anasema alikuwa na hakika wangempata mwingine wa kupaka, na wangempata ndani ya dakika tano. Goti lilimuuma, bega lilimuuma, na alitamani sana kukubali ili siku ile iishe.

Aliyeingilia kati ni Siune. Alipanda kwenye chasisi kwa hasira, akasema atamwonyesha mama huyu kwamba hakuna kitu. Akapitisha ukucha wake wa kidole gumba kwenye ule mstari. Akaupitisha tena, polepole. Akabaki amechuchumaa pale mvuani.

“Nilikuwa nafikiria ile kona ya tatu ukianza kupanda Kassam,” anasimulia Siune. “Pale upande wa kushoto hakuna kitu, ni hewa tu. Na nyuma ya trela kila siku kuna gari dogo limejaa watu linanifuata.”

Alishuka, akachomoa funguo, akazitia kwenye kiganja cha Lohia. “Bosi, mimi siendi. Ukitaka, endesha mwenyewe.”

Mchele ulikaa yadini siku tano. Mteja alipiga simu asubuhi na jioni. Siku ya tatu Tabita alipewa barua ya onyo kwa kuchelewesha kazi na kumjibu vibaya msimamizi mbele ya wafanyakazi. Aliisoma amesimama, akaikunja, akairudisha kwenye bahasha, akaendelea kukwangua.

Siku ya tano sahani mpya ilifika, na mafundi wakaifungua ile ya zamani. Walipoinyanyua kwa winchi, kabla haijafika kimo cha kiuno, ilikatika. Kipande kimoja kilibaki kikining’inia kwenye mnyororo, cha pili kikaanguka kwenye saruji kwa kishindo kilichowatoa watu wa ofisini. Ndani ya chuma, ufa ulikuwa umekwenda mbali kuliko ulivyoonekana juu. Kilichokuwa bado kimeshika hakikuzidi upana wa vidole vitatu.

Hakuna aliyepiga makofi. Siune alikitazama kipande kile kwa muda, akaenda kukaa kwenye tairi, akavuta sigara mbili mfululizo. Lohia aliinama akakigusa, akarudi ofisini akafunga mlango.

Je, barua ya onyo ilifutwa?

“Iko kwenye jalada langu mpaka leo,” anasema Tabita. “Sikuiulizia. Bosi naye hajaitaja. Ila tangu siku ile hajaniita kuhusu foleni.”

Lohia anapoulizwa suala hilo anatazama dirishani kwanza. “Barua ilifuata utaratibu,” anasema. Kisha anaongeza: “Ningelituma lori lile. Mnaweza kuandika hivyo.”

Siku hizi Siune hufika nusu saa kabla ya zamu yake. Hutenganisha trela bila kuambiwa, na huanza kukwangua mwenyewe, vibaya, kwa papara, akiacha pembe zote chafu. Tabita humfuata nyuma akirudia. “Unaparua kama kuku,” humwambia. “Polepole. Kwani chuma kimekukosea nini?”

Kutokana na Siune ndipo limezaliwa wazo ambalo Tabita analisema kwa kusitasita, kama mtu asiyetaka kuja kudaiwa. Ameomba ruhusa ya kuwafundisha madereva wote, saa moja kila Jumamosi asubuhi, ili kila mmoja ajue kukisoma kiungo cha lori lake mwenyewe akiwa mbali na yadi. Ruhusa ilitolewa. Jumamosi ya kwanza walikuja watatu, na mmoja wao, anakiri, alifuata viazi vitamu vya kuchoma alivyovileta Tabita. Jumamosi iliyopita walikuja saba.

Desemba ana likizo, ya kwanza baada ya miaka sita. Atapanda boti kwenda kwao Finschhafen. Anaulizwa atafanya nini huko. Anafuta vidole kimoja kimoja kwa tambara.

“Nitalala,” anasema. “Tangu yale ya Markham, kila lori likitoka getini mimi hulisindikiza kwa macho, na usiku hulala nikiwa bado ninalisikiliza. Nataka siku moja lori litoke hapa sijalishika, sijaliona, aliyelikwangua ni dereva wake. Na mimi nimelala, wala sina habari.”

Getini honi inalia. Lori la nne la asubuhi limefika. Tabita anakung’uta gunia lake maji, analikunja upya, anapanda.