Viazi vya Shangazi havinuki tena kwenye gauni la harusi

Saa nne kasoro robo asubuhi, cherehani za karakana zinaanza kunyamaza moja baada ya nyingine, na mafundi wanageuza shingo kuelekea kona ya dirishani. Pale amesimama mwanamke mwenye aproni iliyoungwa kwa mabaki ya vitambaa vya mapazia. Anavuta droo ya kikaangio cha hewa, anaitikisa, anairudisha. Viazi vinagongana kama kokoto.

"Bado! Mwenye haraka atafune kitambaa," anasema, na karakana nzima inacheka.

Hapa hakuna anayemwita kwa jina. Ni Shangazi kwa vijana, na ni Shangazi hata kwa wanaomzidi umri. Kwa miaka kumi na mmoja amewapikia mafundi hawa chakula cha saa nne, na karibu muda wote huo alikaanga chipsi kwenye karai la mafuta ambalo anasema lilikuwa "mume wangu wa pili, ila huyu hakuwa na ubishi."

Karai hilo ndilo lililomponza. Mapema mwaka huu, mama mmoja alirudisha gauni la harusi la bintiye. Jeupe pe, limeshonwa likashoneka, lakini linanuka chipsi kuanzia shingoni hadi kwenye pindo.

"Alisimama mlangoni pale akaniuliza, 'Mwanangu anaenda kuolewa au kuuzwa kwa sahani?'" anakumbuka Shangazi. "Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

Mwenye karakana, mwanamke wa maneno machache, alitoa uamuzi siku hiyo hiyo: mafuta basi. Akampa Shangazi hadi mwisho wa mwezi atafute njia nyingine ya kupika. Akishindwa, aondoke, na kona ya dirishani iwekwe meza ya kupigia pasi.

Meza hiyo ni ya Bibi Pasi. Huyu hunyoosha nguo zote za karakana kwenye chumba cha ndani kisicho na dirisha, jasho likimtiririka kutwa, na ndiye rafiki mkubwa wa Shangazi. Kona ile aliitamani siku nyingi, wala hakuficha.

Mdogo wake Shangazi akamwazima kikaangio cha hewa, lile jiko dogo la umeme linalopuliza hewa ya moto badala ya kukaanga kwa mafuta. Mafundi wakakibatiza Helmeti, kwa umbo lake.

Shangazi akafanya alivyozoea. Kwenye karai viazi huogelea, na kadiri unavyojaza ndivyo unavyowawahi wateja. Basi akaijaza droo pomoni, viazi vimetoka kuoshwa, vinachuruzika maji. Vilitoka vimepauka na kulegea. Sindano, fundi wa suti mwembamba mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alichukua kipande kimoja akakizungusha kwenye kidole.

"Shangazi, hiki kiazi au utepe wa kupimia? Mbona kinakunjika mpaka mwisho?"

"Walicheka wote," anasema Shangazi. "Na mimi nikacheka. Halafu nikaenda chooni nikalia."

Hali ilikuwa ile ile siku baada ya siku. Mafundi wakaanza kuja na mkate kutoka nyumbani, na Shangazi akaanza kufunga vyombo vyake kimya kimya. Ndipo Bibi Pasi alipotoka chumbani kwake, akafungua droo, akabonyeza kiazi kwa kidole.

"Unavipiga mvuke, mwenzangu," akamwambia. "Mimi nguo mbichi nikizirundika, pasi iwe ya moto vipi, hazikauki. Zinatokota tu. Vikaushe, vitandaze, viache vipumue."

Aliyempa Shangazi dawa ndiye ambaye angerithi kona kama yeye angeshindwa.

"Nikamuuliza, 'Dada, na dirisha je?' Akanijibu, 'Dirisha nalitaka, lakini si kwa kukutoa wewe. Saa nne nitakula nini?'" Anacheka, machozi yakimlengalenga.

Sasa viazi vinachemshwa kwanza kwenye maji ya chumvi hadi kingo zilegee. Vinachujwa maji, sufuria inafunikwa na kutikiswa kwa nguvu mpaka pembeni vichakae kama pindo ambalo halijakunjwa, maana hapo ndipo ganda linapopatikana. Vinatandazwa kwenye kitambaa safi vikauke, vinapakwa mafuta kijiko kimoja tu, kisha vinapangwa kwenye droo safu moja bila kupandana.

Siku ya mwisho wa mwezi, mama yule wa gauni alikuja kulichukua baada ya kufuliwa. Mwenye karakana alikuwepo. Mama akanusa mikono ya gauni, akanusa pindo, akamnusa na fundi aliyelishona. Hakupata kitu. Mara akasikia kru, kru, kru nyuma yake. Alikuwa Sindano, mashavu yamejaa.

"Huyu anatafuna nini?"

Akaletewa sahani. Aliimaliza akiwa amesimama, akaomba nyingine ampelekee bibi harusi.

"Kona ni yako," mwenye karakana akamwambia Shangazi, na wa kwanza kupiga kigelegele alikuwa Bibi Pasi.

Foleni imeongezeka, kwa kuwa safu moja haishibishi watu wengi kwa mkupuo, na Sindano hulalamika kila siku huku akiwa wa kwanza kwenye mstari. Shangazi hajali. Karai, mtungi wa gesi na madumu ya mafuta vimeondoka, na nusu ya kona iko wazi, inatosha meza ya Bibi Pasi. Kinachokwamisha ni umeme: pasi na Helmeti vikiwashwa kwenye waya mmoja, karakana nzima inazimika.

Kwa hiyo Shangazi amekuwa akiweka akiba, na amekwisha elewana na fundi umeme. Atakuja Jumamosi kuvuta waya wa pili, na meza ya pasi itahamishiwa chini ya dirisha. Bibi Pasi hajaambiwa. Mafundi wote wanajua, hata Sindano, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake ameweza kufunga mdomo.

"Andika yote," Shangazi anamwambia mwandishi, akimkabidhi sahani ya moto. "Ila habari itoke Jumatatu. Nataka aione meza kwanza, ndipo asome."

Leo ni Jumatatu.