Wamepatana: Safari Yangu ya Bariadi

Neno lililonipeleka Bariadi lilikuwa moja tu: "wamepatana." Miaka ile ya soko huria vyuo binafsi vilikuwa vinachipuka kama uyoga, na chuo nilichokuwa nikifanyia kazi Dar es Salaam kikafungua tawi huko. Malalamiko ya unyanyasaji yaliyopelekwa kwa kamati ya tawi yalirudi kwetu yote yakiwa na jibu hilohilo. Mkuu wangu alisoma akakunja uso. "Watu hawapatani kirahisi hivyo," akasema. "Nenda ukawafundishe kusikiliza." Mimi Mzaramo wa Kisarawe, nisiyejua hata ng'ombe anashikwa upande gani, nikafunga mkoba.

Treni ilinishusha Shinyanga asubuhi, nikiwa na vumbi hadi kwenye kope. Siku hizo Simiyu haijawa mkoa, na basi la Bariadi lilipita Maswa katikati ya msimu wa pamba. Kila kijiji kilikuwa na marundo meupe, na wanunuzi binafsi walikuwa wakiwaita wakulima huku mizani zao zikining'inia mitini, kazi ambayo zamani ilikuwa ya ushirika peke yake. Jirani yangu kwenye kiti, mama mwenye kuku wawili mapajani, aliniuliza ninakwenda kwa nani. Nikasema nakwenda kazini.

"Sawa, mayu, mama yangu. Lakini kwa nani?"

Aliniuliza hivyo mpaka tulipofika. Kwake yeye mtu haendi mahali asipokuwa na mwenyeji.

Mwenyeji wangu wa Bariadi nilimpata kituoni. Mama Kabula, mshauri wa wanafunzi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutoka tumboni, alinipokonya mkoba kabla sijashuka ngazi ya mwisho. Kando yake alisimama Mzee Maduhu, msajili wa tawi na mwenyekiti wa kamati. "Karibu, mtani," akasema. "Tumesikia Dar wametuletea Mzaramo atufundishe adabu. Dunia imeharibika!" Nikamjibu kwamba Msukuma hafundishiki, nimekuja kula tu. Nikawapenda palepale, na nasema wazi kwamba kuwapenda kuliniharibia kazi kidogo.

Jumatatu nilifundisha. Nilieleza ubaguzi ni nini, unyanyasaji ni nini, siri hutunzwaje, na kwamba anayetuhumiwa naye ana haki ya kujua ametuhumiwa nini na kujibu. Wote wakaandika, wakaitikia kwa vichwa, wakasema wabeja, yaani asante. Kwa upole ule nilijua hakuna kilichoingia.

Jioni alikuja Minza, mpiga chapa wa ofisi, binti wa Ipililo, kuniletea karatasi za kesho. Akakaa ukingoni mwa kiti. Akasema mkuu wa idara ya biashara, Bwana Luhende, amekuwa akimwita ofisini watu wakishaondoka, na amemwambia mkataba wake utategemea atakavyomkirimu. Nikamkatiza, maana mimi sikuwa kamati. Nikamwambia hayo akawaambie wao.

"Nilishakwenda, dada. Mwezi wa tano."

"Ikawaje?"

"Tukapatana," akasema, macho chini. "Nitakwenda tena. Nikishindwa safari hii pia, Jumamosi napanda basi narudi nyumbani. Jembe langu bado liko."

Usiku huo nikaandaa igizo la kesho.

Jumanne tukafanya igizo, na hapo ndipo nilipofumbuka macho. Msaidizi wa maktaba, msichana mcheshi kuliko wote, alikuwa mlalamikaji. Mzee Maduhu akajitolea kuwa mtuhumiwa, Mama Kabula akaendesha kikao. Msichana akaingia. Akaona watu wazima wamekaa, naye kalelewa vizuri. Akapiga magoti mbele ya Mama Kabula, akamwamkia: "Mwangaluka." Akahamia kwa wajumbe, mmoja mmoja, akipiga magoti. Mwisho akafika kwa mtuhumiwa, akapiga magoti mbele yake pia.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mwanangu. Mhola?" Mzee Maduhu akaitikia kwa sauti ya asali. Akauliza habari za baba yake, za mama yake, za mvua ya kwao, za ndama. Msichana akajibu yote, mhola, mhola, kila kitu ni salama. Chumba kizima kilikuwa kinatabasamu.

"Haya mwanangu," akasema Mama Kabula, "eleza malalamiko yako."

Msichana akafungua mdomo. Akafunga. Akatutazama, akaanza kucheka. "Sina neno," akasema, na ukumbi wote ukaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Hata katika mchezo alikuwa ameshindwa. Angesemaje mabaya ya mtu ambaye ametoka kumpigia magoti na kumwambia kila kitu ni salama? Nikamtafuta Minza kwa macho. Alikuwa nyuma kabisa, akipanga karatasi ambazo zilikwisha kupangwa.

Hasira ikanipanda nikakosa busara. Nikasimama nikasema kuanzia leo, kikaoni hakuna kusalimiana. Kicheko kikakatika. Mzee Maduhu akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni aliyekanyaga mkeka na viatu.

"Mtani, ukituondolea salamu, mtu atajuaje kwamba tumemwona?"

Tukaenda kula.

Kwenye ugali na mlenda, Mama Kabula alisogeza sahani pembeni. Ghafla akauliza: mume na mke wakigombana, binti akirudi kwao, wazazi wake humsikiliza huku mkwe amekaa hapohapo? "Hapana," akajijibu mwenyewe. "Binti anasikilizwa kwanza. Mkwe naye ana siku yake, na anapewa kiti vilevile. Sasa sisi chuoni tulikimbilia nini?"

"Tulikimbilia amani," akasema Mzee Maduhu polepole. "Tuliichuma kabla haijaiva."

Mchana tukaanza upya. Mlalamikaji aingie peke yake. Asalimie apendavyo, lakini kamati isimame kumpokea kwanza, imwoneshe kiti, na akae. Mtuhumiwa apewe maelezo yote kwa maandishi, ajiandae, aje siku yake, asalimiwe kwa heshima ileile, aulizwe kwa uzito uleule. Kupatana kusitajwe mpaka ukweli ujulikane. Msichana wa maktaba akarudia igizo. Safari hii alizungumza mpaka tukamwomba apumzike.

Jumatano Minza akapeleka malalamiko yake. Jioni Mama Kabula akanipitia, uso hauna kicheko. Mzee Maduhu amejitoa kwenye kikao, akasema. Luhende ni shemeji yake, kamwoa dada yake. Nilimwona mzee kesho yake asubuhi akikatiza uwanja peke yake, watu wa ukoo wake wakimpita bila salamu. Nilimheshimu siku ile kuliko maprofesa wengi niliowafanyia kazi.

Alhamisi Minza akasikilizwa, Ijumaa Luhende. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, mwalimu asiye na darasa. Walipotoka nikamvuta Mama Kabula mkono. "Vipi?"

"Mtani, si wewe uliyetufundisha siri?" Akanipiga bega, akaenda zake. Niliumbuka, nikafurahi.

Jumamosi asubuhi, kituoni, Mzee Maduhu alinipa mkono na kunikumbusha kwamba bado Wazaramo ni watumwa wake. Nikakaa dirishani. Basi la Maswa. Basi la kwenda Ipililo, kwao Minza. Injini ikawashwa, na hapo nikamwona Minza anakuja mbio, kikapu kimefungwa kanga kichwani. Nikasogea kumpisha nafasi, nikitafuta neno la kumfariji, nisilione.

Hakupanda. Alifika dirishani, akakishusha kikapu na kunipitishia. Kilikuwa kimejaa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Ya njiani, dada. Nilisema yote. Nimekaa kwenye kiti mpaka mwisho."

"Na wameamuaje?"

"Bado. Wanahakikisha ya pande zote." Akafuta jasho. "Jumatatu nina barua za kupiga chapa."

Nilikwenda kufundisha watu kusikiliza, nikajifunza kwamba hata wema unaweza kumziba mtu mdomo, na kwamba wanaoupenda wema huo ndio wanaojua pa kuurekebisha. Basi likaondoka. Minza hakupiga goti. Alisimama akanipungia mkono, mpaka vumbi likamficha.