Haikuwa Kansa

Bi Shadia wa Ujiji aliondolewa titi la kushoto miaka saba iliyopita, na tangu hapo hajapumzika. Asubuhi huuza samaki, migebuka, katika soko la Mwanga. Timu ya afya ikimhitaji, hufunga meza yake na kufuatana nayo vijijini, kuwaambia wanawake wajipapase matiti na wakikuta kivimbe wawahi hospitali. Watafiti wanaofuatilia waliotibiwa kansa nao humpigia simu kila mwaka kuuliza kama angali hai. Huwajibu mwenyewe, "Nipo," kisha anarudi kwenye samaki wake.

Kinachomchosha si safari, ni kutosadikiwa. Huku kwetu kansa inajulikana kwa kazi moja tu, kuua. Mtu akisimama mbele ya watu, mzima, mwili umejaa, aseme aliugua kansa akapona, wanamwonea huruma na kusema madaktari walikosea. Angekufa, wangemwamini siku hiyohiyo. Mimi ningeshaacha zamani. Kazi gani hii, uhai wako ndio unaokusuta?

Mwezi uliopita timu ilifika Simbo. Baada ya mkutano, Melania, mkulima wa mihogo mwenye watoto wanne, alimvuta Bi Shadia uani kwake akamwonyesha titi lake. Lilikuwa na kivimbe kigumu, na ngozi juu yake imeanza kubonyea. Bi Shadia alikigusa, roho ikamwuma.

"Kesho twende hospitali, mwanangu."

"Siendi, mama. Wakisema ni kansa, ndiyo nimekwisha. Mama mdogo walimkata, hata mwezi hakumaliza."

"Alichelewa. Mimi mbona walinikata na nipo?" Bi Shadia akafunua kifua, kovu likaonekana lote mpaka kwapani.

Melania alilitazama kwa heshima. "Pole, mama. Lakini wewe haikuwa kansa. Kansa haiponi."

Bi Shadia akakaa kwenye kinu kilicholazwa pale uani. Alichoka, alichoka mpaka akatamani kulia. Alikumbuka dawa za kule Mwanza alikotibiwa, zilizomng'oa nywele na kumgeuza kucha kuwa nyeusi. Alimkumbuka mumewe aliyehamia kwa mke mdogo akidai harufu ya dawa inamzuia kulala. Leo mtu anamwambia yote yale yalikuwa ya bure. Majibu alikuwa nayo, tena makali. Akalitazama tena lile titi, akaona kwamba akishinda ubishi huu, huyu mwanamke atazikwa.

"Haya," akasema. "Haikuwa kansa. Kilikuwa kivimbe, wakakiwahi, wakakitoa. Na chako twende wakakitazame."

Melania akajifunga upya kanga yake, akifikiri. "Kama ni kivimbe tu, nakwenda."

Muuguzi Gasper, kiongozi wa timu, aliyekuwa akimsubiri nje ya ua, alikuwa amesikia. Njiani akamwuliza Bi Shadia, "Mama, na ushuhuda wako je?"

"Daktari atamwambia ukweli. Mimi namtaka afike tu kwa daktari."

Kesho yake walikaa benchi moja hospitalini. Mwanamke wa pembeni akamtazama Bi Shadia, akataka kujua huyu mama anaumwa nini.

"Haumwi," Melania akamjibia. "Yeye alishakatwa zamani. Walidhani kansa, kumbe haikuwa."

Yule mwanamke akamgeukia Bi Shadia. "Kweli, mama?"

"Haikuwa," akasema Bi Shadia, macho yake kwenye mlango wa daktari, mpaka Melania alipoitwa akaingia.